Tupeane uzoefu: kuchimba Goma bila kupasua bomba wala kugonga kebo

FundiNdosho
Mafundi na wenye viwanja, habari za kazi. Kila mmoja aeleze aliyoyaona shimoni. Naanza mimi. Kwa kawaida kebo ya umeme hulazwa sentimita 60 hadi 80 chini, na juu yake utepe mwekundu; maji utepe wa buluu, simu na intaneti kijani. Sawa. Lakini volkano ya Januari 2002 ilimwaga mwamba juu ya mitaa ya katikati, na waliolaza bomba baada ya hapo hawakuwa na hamu ya kupasua jiwe. Nimekuta bomba la maji limefunikwa kokoto tu, ukikwaruza kwa kiatu unaliona. Utepe? Thubutu! Kwa hiyo kabla baramini (mtaimbo) haijagusa ardhi nauliza wazee wa mtaa: maji yenu yanaingilia wapi, umeme unatokea upande gani? Kisha nachimba vishimo vya kujaribia, taratibu, kwa beleshi.

MamaKatindo
Mimi si fundi. Kampuni moja ilipitisha mtaro wa intaneti mbele ya geti langu, wakapasua bomba, wakafukia, wakaenda zao. Maji yakikatika, bomba lililopasuka linavuta tope ndani, na mji wetu kipindupindu unakijua. Piga picha mtaro kabla haujafukiwa, utakuja kunishukuru.

Opereta_Majengo
Pole mama. Wenzangu wa mashine: ndoo ikigusa kebo, baki ndani ya kabina, piga simu umeme ukatwe, fukuza watu wote walio karibu. Mashine ikishika moto ndiyo uruke, miguu pamoja, usiishike mashine huku umekanyaga chini, halafu uondoke kwa kurukaruka miguu ikiwa imebanana. Na kebo iliyokatika isiguswe hata kama haitoi cheche. Mtu wa kabini ya umeme, pale penye transfoma, anaweza kurudisha umeme bila kujua uko shimoni.

JiraniLacVert
Mnasahau mazuku! Huku kwetu na Mugunga shimo linaua bila kebo. Ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inatulia chini, na macho hayaioni. Alfajiri, upepo haujaanza, ndiyo mbaya zaidi. Wengine wanashusha kibatari: kikizimika hawashuki. Vizuri, ila kisipozimika msijiamini, gesi inaweza kukulegeza na moto bado unawaka. Mwenzako akianguka humo usimfuate, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja. Kabla mtu hajashuka mfungeni kamba, na wa kuvuta wabaki juu.

FundiNdosho
Asante jirani, hilo la kamba nalichukua. Swali: kuna anayekodisha kifaa cha kutafuta kebo? Najua bomba la plastiki hakilioni, nataka cha umeme tu, kazi iko Himbi.