Naomba ushauri: Guangzhou, tule wapi na usiku twende wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Oktoba naenda Canton Fair, yale maonyesho ya biashara ya Guangzhou, China, naongozana na mama mdogo. Yeye hagusi nguruwe wala pombe.

Mtaa wa Xiaobei najua kuna migahawa ya halali ya Waislamu wa China, tambi za kuvutwa kwa mkono na mishikaki ya kondoo iliyopakwa jira na pilipili. Tamu sana, ila si kila siku jamani. Natamani aonje dim sum ya asubuhi, vile vitafunio vya mvuke vyenye kamba ndani. Wapi wanapika bila mafuta ya nguruwe?

Usiku je, boti ya Mto Pearl kuuona mnara wa Canton Tower ukiwaka taa, au tutembee mtaa wa maduka wa Beijing Road? Metro (treni za mjini) hufungwa usiku, teksi mnalipaje bila Alipay, ile app ya malipo ya simu?