Naomba ushauri: nikatwe hisa kazini au nimalizie nyumba?

Wakuu, habari za humu. Nipo Uingereza, nafanya kazi ghala la supamaketi, zamu ya usiku. Wametugawia fomu za akiba ya kununua hisa za kampuni: unakatwa kwenye mshahara kuanzia pauni 5 hadi 500 kwa mwezi, miaka 3 au 5. Bei ya hisa inawekwa sasa hivi, na punguzo la asilimia 20. Muda ukiisha, zikiwa zimepanda unanunua kwa bei ileile ya zamani. Zikiporomoka unachukua hela yako yote, hulazimishwi kununua. Sasa mimi kitu kisicho na hasara huwa kinanitia wasiwasi!

Kinachonikwamisha ni kwamba nikiacha kazi mapema narudishiwa akiba tu, haki ya kununua inakufa. Na nina msingi Kigamboni, nondo zimechomoza zinaota kutu. Pauni 150 kila mwezi ni mifuko ya saruji hiyo. Mke wangu hataki hata kusikia habari za hisa.

Mliowahi kufikisha miaka 3, mliuza palepale au mlizishikilia? Kuna aliyegawa nusu huku, nusu nyumbani?