Simu mpya, siku chache sokoni: malalamiko yapi ni ya kupita na yapi imezaliwa nayo?

Msubirifu:

Wakuu, salamu. Kila simu mpya inapotoka, ndani ya siku tatu nne maoni yanafurika, na yanapingana utadhani watu wanaongelea vyombo viwili. Mmoja anasema betri haifiki jioni, mwenzake analala na asilimia 40. Mwingine simu inachemka mgongoni karibu na kamera mpaka kioo kinapunguza mwanga chenyewe. Yuko mwenye ukijani sehemu ya chini ya kioo, yuko anayelalamika kwamba picha za usiku zinalainisha sura za watu kupita kiasi, alama ya kidole inagoma, mtandao unakatika akiishika simu kwa namna fulani.

Kwa mnaojua vyombo hivi kwa ndani: lipi hapo linatibika kwa apdeti, na lipi halitibiki hata iweje? Na aliyekwisha kununua, bado yumo ndani ya siku za kurudisha, aanze kupima nini? "Subiri miezi mitatu" nalijua, silo jibu ninalotafuta.

---

Fundi_Ubao:

Betri na joto kwanza, maana hayo mawili ndiyo yanayodanganya kuliko yote wiki ya mwanzo.

Simu mpya ikishahamishiwa vitu vya simu ya zamani, kazi kubwa inaendelea chini kwa chini. Programu zinashushwa na kupangwa upya ziendane na prosesa, picha zote zinapitiwa ili nyuso zitambuliwe, nakala zinapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwenye picha elfu ishirini na mwenye picha mia mbili hawawezi kuwa na betri moja siku hizo, hata kama simu zimetoka boksi moja. Juu ya hapo Android inajifunza ni programu zipi unazigusa mara kwa mara na zipi izilaze, na somo hilo linachukua siku kadhaa. Kwa hiyo hao wawili wa kwanza uliowataja huenda wote wanasema kweli.

Kipimo cha kuaminika ni cha usiku, simu haiguswi. Andika asilimia, iache saa 8, laini imo na Wi-Fi imewashwa. Ikishuka 2 hadi 5 ni nzima. Ikishuka zaidi ya 10, usiku wa pili iweke kwenye hali ya ndegeni. Ikitulia, mlaji ni redio au programu inayotumia mtandao. Rudia ukiwa umewasha Wi-Fi peke yake ndani ya hali ya ndegeni. Ikiendelea kutulia, tatizo ni mawimbi hafifu ya mnara. Ikianza kula tena, nenda Mipangilio, Betri, matumizi kwa kila programu, umtafute aliyekesha. Kama inashuka hata kwenye hali ya ndegeni kavu, rudisha mipangilio ya kiwandani, usirejeshe nakala yoyote, upime mara moja tena. Ikiwa vilevile, hiyo irudi dukani.

Kuhusu joto, mfano mzuri ni iPhone 15 Pro, Septemba 2023. Malalamiko yalikuwa ya kweli, na wengi wakaitupia lawama fremu ya titani. Apple ikakanusha hilo la titani, ikataja kazi za chinichini za siku za mwanzo, kasoro ndani ya mfumo wake wa iOS 17, na programu chache za nje zilizokuwa zikiikamua prosesa, Instagram ikiwamo. Mwanzoni mwa Oktoba ikatoka iOS 17.0.3, kelele zikapungua. Joto la aina hiyo linatibika.

Joto la michezo ni habari nyingine. Hapo unapambana na prosesa yenyewe na bamba la kupozea, na apdeti haiongezi bamba. Mara nyingi apdeti inayotuliza joto inatuliza na kasi. Pima kwa programu ya 3DMark, jaribio la mkazo la Wild Life Extreme: mizunguko 20 ya dakika moja moja, kava limetolewa, simu haichajiwi. Usiangalie alama ya juu, angalia asilimia ya uthabiti mwishoni, yaani mzunguko dhaifu kuliko yote ukilinganishwa na bora kuliko yote. Ikimaliza na 85, kasi uliyoinunua unaipata karibu muda wote. Ikimaliza na 55, zile namba za matangazo ni za dakika za mwanzo tu.

Na msiamini sana alama za Geekbench, programu ya kupimia kasi, mnazorushiana. Machi 2022 Geekbench yenyewe iliiondoa Galaxy S22 kwenye chati zake pamoja na S21, S20 na S10, kwa sababu programu ya Samsung ya kusimamia michezo ilikuwa inazibana programu za kawaida na kuziacha za kupimia zikimbie.

---

MamaPikseli:

Nachukua kamera na kioo.

Kati ya vitu vyote kwenye simu, kamera ndiyo inayobadilika zaidi kwa apdeti. Ulainishaji wa ngozi, ukali uliopitiliza kwenye majani na nywele, rangi kuwa ya manjano chini ya taa, usiku kung'aa kupita kiasi: yote hayo ni hesabu za programu, na kampuni huzirekebisha miezi miwili mitatu ya mwanzo. Anayehukumu picha kwa programu ya siku ya uzinduzi anahukumu rasimu.

Lakini lenzi ikiwa imekaa upande, imekaa upande. Chukua ukurasa uliojaa maandishi, ubandike ukutani penye mwanga wa kutosha, simama kama nusu mita, simu iwe sambamba na ukuta. Piga picha, kisha igeuze simu juu chini upige tena. Kuza pembe zote nne. Pembe zote zikififia kidogo kwa usawa, ni kawaida ya lenzi. Pembe moja ikififia peke yake, na ulipoigeuza simu ukungu nao ukahamia pembe ya mkabala kwenye ukurasa, basi ukungu unaifuata lenzi. Hiyo hakuna apdeti. Ukungu ukibaki palepale kwenye karatasi, uliinamisha simu wewe. Rudia kwa kila kamera ya nyuma, usiishie kwenye kubwa.

Mawili yanayoitwa ubovu na si ubovu. Kwanza, simu kulia kokoko ukiitikisa kamera ikiwa imezimwa: ni lenzi ya kutuliza mtetemo inaning'inia bila umeme, ukifungua kamera inanyamaza. Pili, kamera kubwa kushindwa kusoma risiti kwa karibu. Kihisi kikubwa kinahitaji umbali. Rudi nyuma, tumia kuza 2x.

Kioo sasa. Subiri giza, zima taa, weka mwanga wa kioo chini kabisa, zima na hali ya kulinda macho inayoleta umanjano. Fungua picha ya kijivu kizito, karibu na nyeusi, ijae kioo kizima. Hapo ndipo AMOLED, kioo ambacho kila nukta inawaka yenyewe, inajianika: utaona kama kuna wingu la kijani linalopanda kutoka chini, au waridi upande mmoja, au mistari myembamba ya wima. Kidogo kipo karibu kwenye kila kioo cha aina hii. Ukikiona kwenye kijivu tu, na kwenye kurasa za kawaida hakionekani hata ukikitafuta, achana nacho. Ukikiona ukisoma ujumbe usiku, rudisha. Mstari mmoja wa kijani au waridi unaokatiza kioo kizima, wenye rangi kamili, haujadiliwi. Ni kioo au muunganisho wake.

Rangi kwa ujumla inaweza kurekebishwa, pembe ya kutazama haiwezi. Google walipotoa Pixel 2 XL Oktoba 2017, watu walilalamika kwamba rangi zimepauka, kioo kinageuka bluu ukikiinamisha, na vivuli vya ikoni vinaganda. Apdeti ilileta hali ya rangi zilizokolea. Ubluu wa pembeni ulibaki, na waranti ikaongezwa hadi miaka miwili.

---

Nuru_nyuma:

Fundi amesema vizuri ila mpangilio wake utamwumiza mtu. Ukitumia usiku tatu kupima betri na muda wa kurudisha ni siku saba, umeshamaliza karibu nusu. Siku ya kwanza pima vyuma: kioo, lenzi, spika zote mbili, maikrofoni (rekodi sauti, kisha rekodi video, zinatumia maikrofoni tofauti), tundu la chaji kwa kuichomeka kebo pande zote mbili, mtetemo, laini zote. Betri na joto viache siku ya nne kuendelea. Na usibandike kioo cha kulinda kabla ya kumaliza, wengine hukataa kupokea simu yenye alama za gundi.

Halafu kuna jambo ambalo wanaosoma maoni hulisahau. Jina moja halimaanishi simu moja. Galaxy S23 ya GB 128 ina hifadhi ya aina ya UFS 3.1, ya GB 256 ina UFS 4.0 yenye kasi zaidi. Galaxy S24 nchi nyingine ina prosesa ya Exynos, nyingine Snapdragon. Mtu akisema "inakwama" au "haikwami", kabla ya kumjibu muulize namba ya modeli, ukubwa wa hifadhi na namba ya toleo la programu. Vyote viko Mipangilio, Kuhusu simu. Maoni yasiyo na vitu hivyo mimi huyapita. Simu za wakaguzi nazo mara nyingi zina programu ya kabla ya apdeti ya siku ya kwanza, kwa hiyo hata video nzuri huenda inaeleza programu ambayo wewe hutaiona kamwe.

Tena msihesabu malalamiko kwa wingi. Galaxy Note 7 ilipoanza kuuzwa tarehe 19 Agosti 2016, sifa zilikuwa tele. Taarifa za kuwaka moto zilikuwa chache mno ukilinganisha na waliokuwa wakilalamikia bei na kingo za kioo, lakini ndizo zilizokuwa na uzito. Septemba 2 simu zikaitwa zirudi. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha betri za mtengenezaji wa kwanza zilibanwa kwenye pembe ya juu mpaka elektrodi zikapinda. Za mtengenezaji wa pili, zilizowekwa kwenye simu za kubadilishia, zilikuwa na vichongoo vya uchomeleaji vilivyotoboa kitenganishi, utando unaozuia elektrodi zisigusane. Kasoro mbili tofauti, simu moja. Kwa hiyo kuvimba, harufu, kifuniko cha nyuma kunyanyuka, joto kali wakati simu imelala tu: lalamiko moja la namna hiyo lina uzito kuliko mia mbili za picha za usiku. Zima, usichaji, irudishe.

---

Masafa:

Mtandao haujaguswa. Mistari ya mawimbi isiwe kipimo, kila kampuni inaichora inavyotaka. Mwaka 2010 Apple walipokiri kwamba hesabu ya mistari kwenye iPhone 4 ilikuwa na kasoro, iOS 4.0.1 ikairekebisha hesabu. Antena yenyewe iliyokuwa inapungukiwa ukiishika kona ya chini kushoto ilibaki ilivyo, watu wakapewa kava za bure.

Kwenye Android nyingi tafuta hali ya SIM ndani ya Kuhusu simu, usome dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba ikikaribia sifuri ndivyo bora. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, -115 hapo mazungumzo yanaanza kukatika. Hamisha laini ileile kwenye simu ya zamani, kaa palepale, subiri dakika mbili, soma tena. Tofauti ya 3 au 4 haina maana. Ikizidi 10 kila unapojaribu, kagua kama simu inayo masafa ya mtandao wako, hasa iliyotengenezewa soko la nchi nyingine. Masafa yakikosekana, apdeti haiyaleti. Simu kukosa VoLTE (kupiga simu kupitia 4G), kwa upande mwingine, mara nyingi ni faili la mipangilio ya mtandao tu, na hilo huja baadaye.

Alama ya kidole: kisomaji cha mwanga kinasumbuliwa na kioo cha kulinda chenye rangi au vumbi, cha ultrasoniki (mawimbi ya sauti) kinasumbuliwa na kioo kinene au pengo la hewa. Bandika kwanza, ndipo usajili. Kidole gumba kimoja kisajili mara mbili, mara ya pili ukikigusisha kwa ncha na pembeni.

---

Msubirifu:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimebakiwa na moja: wapo wanaosema chaji ni ya polepole kuliko ilivyotangazwa, na simu yenyewe haiji na chaja. Hilo nalo ni la simu?

---

Fundi_Ubao:

Mara nyingi ni la chaja, au kebo. "Wati 45" iliyoandikwa kwenye chaja haitoshi. Simu nyingi za Samsung zinataka chaja yenye PD pamoja na PPS (njia za chaja na simu kupatana kiasi cha umeme), bila PPS zinashuka hadi kasi ya chini. Zenye mfumo wa kampuni yenyewe, kama SuperVOOC ya Oppo, zinataka chaja na kebo za mfumo huohuo. Kebo ya kawaida ya USB-C inabeba ampea 3. Ya ampea 5 ina chipu ndani ya kichwa, na isipokuwapo simu haivuti zaidi ya 3.

Pia pima mahali panapostahili. Kasi iliyotangazwa unaipata betri ikiwa chini, kama 10 hadi 40, simu imepoa. Kufika 80 inapunguza makusudi kulinda betri, kwa hiyo asiyewahi kuchaji chini ya 60 hataiona kasi hiyo kabisa. Izime, anza na 10, soma imepanda asilimia ngapi baada ya dakika 30 kamili. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha na ya kampuni, kwa kuwa nao mara nyingi hutangaza ya nusu saa ya kwanza.

---

MamaPikseli:

Na kabla ya kuilaumu chaja, toa kava. Simu ikipata joto inapunguza chaji yenyewe, kava nene linatosha kuipunguzia wati kadhaa.