Intaneti ya shule: wanafunzi wanafungua mambo ya ajabu, mkuu anataka ikatwe. Nifanyeje?

Mwl_Chumbageni

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wenu hasa walimu wa TEHAMA na mafundi wa netiweki mliopo hapa Tanga. Shuleni kwetu (sekondari ya kutwa, jina naliacha) tuna chumba cha kompyuta, mashine 20 na kitu za Windows, intaneti inaingia kwa ruta ya laini halafu kuna kaMikrotik kadogo ndo kanagawa. Mwanzo ilikuwa raha tupu, watoto wanaingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu wanasoma vitabu vya kiada, wanashusha pasti pepa za NECTA, mi mwenyewe nafundishia video. Juzi nikafungua histori ya brauza kwenye zile mashine za kona ya nyuma, jamani. Picha za ngono zipo, sawa, hilo nilitegemea. Ila vijana wa form three wanapanga mikeka ya kubeti kipindi kinaendelea, na wengine wametafuta "koneksheni mpya" (zile video za ngono za watu zilizovuja) hivohivo kwa Kiswahili na Google kawaletea bila hiyana.

Mkuu wa shule kasikia, kasema kata, ruta iletwe ofisini kwake ifungiwe kabatini. Mi naona tutawaumiza wasiohusika, kuna mabinti pale nyumbani hawana hata kitochi na hiki chumba ndo sehemu pekee wanayogusa kompyuta. Nataka kuchuja bila gharama maana bajeti hamna. Afu kingine, mwalimu wa nidhamu anataka nipige picha skrini zote niziweke kwenye grupu la WhatsApp la walimu ili wahusika wajulikane. Mawazo yenu.

fundi_ngamiani

Mwalimu usikubali ikatwe, hiyo kazi ni ya jioni moja. Anzia kwenye DNS, yaani pale kompyuta inapouliza tovuti fulani iko wapi, we unaiwekea wa kuijibu ambaye machafu hayajibu. Zipo za bure: FamilyShield ya OpenDNS ni 208.67.222.123 na 208.67.220.123, Cloudflare wana 1.1.1.3 na 1.0.0.3, na CleanBrowsing ile ya Family ni 185.228.168.168 na 185.228.169.168. Mi kwa shule ningeweka hii ya mwisho, inalazimisha na Google na YouTube ziwe kwenye hali salama zenyewe, huna haja ya kupita mashine moja moja, tena na tovuti nyingi za VPN na proksi (njia za kukwepa kichujio) inazikataa.

Utasikia watu wanakwambia fungua akaunti ya OpenDNS uchague mwenyewe cha kufungia, ni nzuri lakini inataka wakutambue kwa IP yako (namba ya laini yako kwenye intaneti), sasa ruta ya laini IP yake unachangia na wateja wengine kibao wa mtandao huohuo wa simu na inabadilika badilika, kwahiyo kwako haitashika. Achana nayo.

Sasa wengi wanaweka DNS kwenye DHCP (pale ruta inapozigawia mashine setingi zenyewe) wanaondoka zao. Dogo anaingia setingi anaandika 8.8.8.8 (DNS ya Google isiyochuja) mchezo umeisha. Kwenye Mikrotik nenda firewall, NAT, tengeneza dst-nat (kanuni ya kugeuza njia) ya port 53, ndo mlango wa DNS, UDP na TCP zote, kila swali la DNS lirudi kwenye Mikrotik hata kama yeye kaandika nini. Funga na 853, mlango wa DNS iliyofumbwa. Brauza nazo siku hizi zinajificha kwa kupitisha DNS ndani ya HTTPS, njia ileile ya tovuti zote, hiyo ukiifunga port umefunga intaneti nzima, kwahiyo izime kwenye mashine zenyewe kwa policy (setingi ambayo mtumiaji hawezi kuibadilisha), na hakikisha wanafunzi wanaingia kwa akaunti ya kawaida sio ya Administrator. Naapa nusu ya shule nilizopita kila mtoto ni Administrator.

Mikeka hizo DNS hazigusi, zenyewe ni za ngono na virusi. Majina ya kampuni yaandike mwenyewe kwenye DNS static ya Mikrotik uyaelekeze 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe, yasifike kokote. Huhitaji utafiti, tembea barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja soma mabango tu.

Bi_Pangani

Samahanini mi sio fundi, ni mzazi. Mnayoongea ni mazuri ila hiyo ruta inalinda chumba kimoja saa mbili kwa siku. Mwanangu simu shuleni hapeleki maana ni marufuku, akitoka getini anakuta mwenzie kaificha dukani kwa mtu, wanakaa chini ya mkorosho kumi wanaangalia simu moja, bando la jero. Mi nilimuuliza wangu kwa upole bila fimbo, akaniambia mama hayo mambo hatuyatafuti, yanatumwa kwenye magrupu ya Telegram tunayakuta. Sasa hapo DNS itafanya nini? Mwalimu weka hicho kichujio chako lakini ukiitisha kikao cha wazazi hili lisemwe kwa jina lake, sio kuzungukazunguka "maadili maadili". Wazazi wengi tunadhani mtoto akiwa kimya na simu anasoma.

wakili_mtaani

Naona watu mmeruka la muhimu kuliko yote. MWALIMU USIWEKE HIZO PICHA KWENYE GRUPU. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 13 ni ponografia ya watoto, cha 14 ni ponografia kwa ujumla, na kosa ni kuisambaza kwa mfumo wa kompyuta, na simu ya mwalimu wa nidhamu nayo ni mfumo wa kompyuta. Mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni yeyote chini ya miaka 18. Hizo "koneksheni" unajua aliyemo ana miaka mingapi? Unaweza kukuta ni binti wa shule ya jirani. Hapo wewe uliyekuwa unakomesha ndo unakuwa msambazaji, na grupu la walimu wa shule moja likipita siku mbili limeshafika Kange stendi.

Tena mashine ya shule inatumiwa na mikondo mitatu, histori inakwambia mashine namba 14 ilifungua kitu, haikwambii nani. Andika tarehe, saa na jina la tovuti kwenye daftari, mpe mkuu wa shule, basi. Na kama humo ndani kuna mtoto anayedhulumiwa hilo si la kikao cha nidhamu, ni dawati la jinsia na watoto polisi.

Muheza_Sayansi

Mi nafundisha Baiolojia, naongezea mawili matatu. Ile hali salama ya YouTube inakata na visivyotakiwa kukatwa. Mada ya uzazi form three nusu ya video zangu zilipotea, na maoni ya watu chini ya video hayaonekani kabisa (hilo sina shida nalo). Dawa yake nashusha video nyumbani naja nayo kwa flashi.

Kwetu tulienda mbali zaidi, tuliweka Kolibri (programu ya masomo isiyohitaji intaneti) kwenye kompyuta moja ikawa ndo seva, zingine zinaisoma kwa netiweki ya ndani bila bando lolote, masomo ya Khan Academy yapo humo na mengine yana Kiswahili. Wikipedia unaisoma kwa Kiwix bila intaneti, ya Kiswahili ni ndogo inaingia kwenye flashi. Siku nyingi tu tunafundisha intaneti imezimwa na mtoto hagundui. Tunaiwasha siku ya pasti pepa na utafiti, nusu saa, naangalia.

Na meza zigeuzeni! Kompyuta zikae kuzunguka ukuta, skrini ziangalie ndani, mwalimu asimame katikati. Kona ya nyuma isiwepo kabisa. Hii haina IP wala nini na ndo iliyofanya kazi kuliko vyote.

Mwl_Chumbageni

Wakuu nimerudi, asanteni sana. Picha sijazituma, nimempa mkuu daftari na nimemsomea maneno ya wakili hapo juu, mwalimu wa nidhamu kanuna lakini kanyamaza. Fundi nimefanya dst-nat nikajaribu mwenyewe kuweka 8.8.8.8, inagoma kama ulivosema. Meza tumegeuza Jumamosi na vijana wenyewe, walikuwa wanabeba huku wanaguna wameshaelewa. Kolibri nashusha usiku usiku, bando ndo linanitesa.

Limebaki moja, X (ile Twitter ya zamani). Wenyewe tangu 2024 wameruhusu rasmi picha za ngono na DNS inaiacha inapita kama tovuti ya habari. Niifunge yote?

fundi_ngamiani

Funga yote, mwanafunzi wa form three X anaitakia nini saa nne asubuhi. Ukiona kuna somo linaihitaji utaifungua. Ila mwalimu paswedi ya hiyo Mikrotik umebadilisha? Shule moja hapahapa mjini niliikuta ni "wajaleo", darasa zima walikuwa wanaingia.

Mwl_Chumbageni

😂😂 Ya kwetu ilikuwa haina kabisa, admin halafu patupu. Nabadilisha saivi, na kale kakitufe ka riseti nyuma nakafungia ndani ya boksi la chuma ukutani, ufunguo anakaa nao mkuu. Alitaka kufungia ruta, basi afungie hako.