Tairi za baridi kwa pikapu yenye kempa mgongoni: tupeane uzoefu

Baba Imani: Wakuu, salamu. Juzi nimeona picha ya pikapu huku kwetu British Columbia (BC), Kanada, imelala ubavu na kempa, kile kijumba cha kulala kinachobebwa mgongoni, imepasuka. Roho ikaniruka. Sheria ya tairi za baridi kwenye barabara za milimani imeshaanza, Oktoba 1 hadi Aprili 30, na wengi wetu tunapanda kuwaona ndugu Calgary na Edmonton. Nyie mnaobeba kempa mnafunga tairi gani?

Mama Neema: 4x4 isiwadanganye jamani. Inakusaidia kuondoka tu, kwenye kusimama haina msaada. Kempa ikianza kukusukuma kutoka nyuma ndiyo utajua.

Kijana wa Ujiji: Kweli tupu, dada.

Fundi Songoro: Funga A/T, tairi za lami na njia mbovu, zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake. Unatembea nazo mwaka mzima, hakuna kubadilisha kila msimu.

Mama Neema: Fundi, hapo sikubaliani na wewe. A/T yenye nyota imefaulu jaribio la kuondoka kwenye theluji. Barafu ni habari nyingine. Tairi ya baridi yenyewe mpira wake ni laini, hauwi mgumu joto likishuka chini ya 7°C. Huku Edmonton tunakaa kwenye −25 wiki nzima.

Fundi Songoro: Laini ndiyo, lakini ukiibebesha kempa inayumba, na kiangazi inaisha kama sabuni. Mimi nimezifunga sana hizo.

Mzaramo wa Duluth: Wekeni tairi zenye misumari ya chuma, mmalize ubishi.

Mama Neema: Misumari kwenye lami kavu inarefusha breki. Halafu wewe si uko Minnesota? Huko kwenu si imepigwa marufuku?

Mzaramo wa Duluth: Imepigwa, ndiyo maana nawashauri nyie mnaoruhusiwa 😂

Baharia wa Lamu: Naomba mnisikilize, maana mnabishania theluji na mimi kilichotaka kuniua ni uzito.

Nilikuwa natoka Kamloops na mke wangu na watoto wawili, usiku, kwa barabara ya Coquihalla. Tairi mpya kabisa, nyota ya theluji ipo, duka limenihakikishia ndizo zenyewe. Tukafika kileleni, mita 1,244, mvua imegeuka theluji ya majimaji, tukaanza kuteremka kuelekea Hope. Kwenye ule mteremko wa Snowshed lori likanipita, upepo wake ukaipiga kempa. Gari likainama kulia, likarudi kushoto, likainama tena. Nyuma kunacheza kama mtu anakuvuta shati. Usukani nimeunyoosha na gari linakwenda linakotaka. Mke wangu hakupiga kelele, alikuwa anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, na mtoto mdogo anamuitikia.

Breki sikuigusa. Niliachia mafuta, nikashusha gia, nikaliacha lipungue lenyewe hadi sehemu malori yanaposimama kukagua breki. Dereva mmoja wa lori, mzee wa Kipunjabi, akaja na tochi. Akashika ubavu wa tairi ya nyuma, akaniambia nishike na mimi. Ya moto, kwenye baridi ile! Akamulika maandishi: 275/65R18 116. Akaniuliza, "LT iko wapi?"

Haikuwepo. LT ndiyo alama ya tairi za malori madogo na pikapu za mizigo; duka lilinifungia tairi za gari la familia. Ile 116 ni namba ya uzito, maana yake kilo 1,250 kwa tairi moja, na zikifungwa kwenye pikapu unagawa kwa 1.1, zinabaki kama 1,136. Mbili za nyuma hazifiki 2,300. Nilipopima kwenye mizani ya malori, ekseli ya nyuma ilikuwa 2,780. Saizi hiyohiyo ikiwa LT, daraja E la kubeba mzigo, ni 123: kilo 1,550 kila moja. Rimu ileile, tairi nyingine kabisa.

Kijana wa Ujiji: Subhanallah.

Mama Neema: Pole sana kaka Baharia. Nimetoka nje na tochi sasa hivi kuangalia zangu. LT, E. Alhamdulillah.

Baba Imani: Duka lilirudisha hela?

Baharia wa Lamu: Walibadilisha, nikaongeza tofauti. Nilizungushwa sana.

Fundi Songoro: Hapo Baharia umesema neno la maana kuliko sisi wote. Uzito kwanza, ndipo nyota. Na mpime gari likiwa limepakia kila kitu: gesi, chakula, watu. Maji ya tenki mwageni, lita 150 ni kilo 150 na baridi itapasua mabomba. Upepo wa tairi pimeni asubuhi nje, gari likiwa bado halijatembea. Ukijaza PSI 80 ndani ya gereji ya 20°C ukatoka kwenye −20, umepoteza kama 13.

Mzaramo wa Duluth: Mimi napunguza upepo ili ishike theluji.

Fundi Songoro: Usithubutu na kempa! Uwezo wa kilo unakwenda na upepo. Ukitoa upepo umetoa kilo.

Mama Neema: Na zifungwe zote nne. Mbele mpya na nyuma kipara, nyuma ndiyo itakupita kwenye kona. Nati zikazwe tena baada ya kilomita mia hivi.

Shangazi Kempa: Dawa ya yote haya ni kurudi Mombasa.

Kijana wa Ujiji: Shangazi, nikatie tiketi 🙏 Lakini kwanza nisaidieni: naenda Kamloops Ijumaa, zangu ni LT, E, meno milimita 6, ila zina M+S tu (alama ya tope na theluji), nyota hakuna. Polisi watanisumbua?

Baba Imani: Polisi hapana, BC wanakubali M+S ikiwa na milimita 3.5 kwenda juu. Ila M+S ni mchoro wa meno tu, haijajaribiwa popote. Utabiri wa Ijumaa ukisema theluji, iache kempa nyumbani ulale hotelini.

Baharia wa Lamu: Aiache. Na akifika Merritt aniandikie.