Kikundi cha Ukoo: matundu ya chaja kwenye Noah yamekufa

Mama Zai: Shikamooni wakubwa. Jamani, matundu yote mawili ya kuchajia simu kwenye Noah hayafanyi kazi tangu jioni, la mbele na la nyuma. Kesho alfajiri tunatoka Dar kuja Tanga na simu yangu haina chaji. Redio inaimba, taa zinawaka, vioo vinashuka.

Mjomba: Marahaba mwanangu. Kama redio inaimba betri haina kosa. Hiyo ni fyuzi imekatika. Mara ya mwisho mlichomeka nini?

Mama Zai: Baba Zai alijazia upepo tairi kwa ile pampu ndogo, ikafanya kazi vizuri. Baadaye Zai akawa anacheza kule nyuma. Nilipochomeka chaja, kimya.

Mjomba: Zima gari, toa ufunguo. Gari nyingi za Japani zina kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi, karibu na miguu. Kile cha kwenye boneti achana nacho kwanza. Mfuniko una mchoro, tafuta palipoandikwa CIG au P/OUTLET, yaani tundu la kiwashia sigara au la umeme.

Mama Zai: [picha] Mengine ni ya Kijapani, ila CIG naiona. 15.

Mjomba: Ndiyo hiyo, ya bluu, ya ampea 15. Ivute moja kwa moja, usiipindishe. Iweke kwenye mwanga uangalie kiwaya cha ndani.

Mama Zai: Kimekatika katikati, na plastiki ina weusi.

Ima: Dada, ninayo ya kijani ya 30 hapa kwenye droo. Nakuletea sasa hivi, hiyo haiungui ovyo.

Mjomba: Ima baba, usiipeleke. Fyuzi imewekwa pale ili iungue yenyewe kabla ya waya. Waya wa hilo tundu umepimiwa 15. Ukiweka 30, siku shoti ikitokea fyuzi itatulia na waya ndio utakaoshika moto nyuma ya dashibodi, penye plastiki na sponji, nao wako barabarani na mtoto. Na msizungushie karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara wala waya wa shaba, hata fundi akisema ni ya kufikia tu. Hapo gari halina kinga kabisa. Kama duka la spea limefungwa, bora msafiri bila chaja.

Ima: Nimekuelewa mjomba.

Baba Zai: Shikamoo mjomba. Duka la hapa barabarani bado liko wazi, naenda.

Shangazi: Mjomba, nami nina swali hapo hapo. Ile inveta yangu ya wati 300, ya kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, inachomeka kwenye tundu hilo?

Mjomba: Inachomeka, ila usiibebeshe mzigo wake wote. Volti 12 za gari mara ampea 15 za fyuzi ni wati 180, basi. Kompyuta ndogo sawa. Blenda itakukatia fyuzi.

Baba Zai: Nimerudi. Nimechukua za 15 kadhaa. Nimeweka moja, nilipozungusha swichi tu ikakatika hapo hapo. Hakuna kitu tulichochomeka.

Mjomba: Simama hapo, usiweke nyingine. Ikikatika bila kitu kuchomekwa, shoti iko ndani ya tundu au kwenye waya. Ufunguo nje, fyuzi nje, mulika tochi matundu yote mawili. Kile kitako cha katikati ni chanya, ukuta wa pembeni ni hasi. Chuma chochote kikigusa vyote viwili, imekwisha.

Mama Zai: Jamani! La nyuma lina karatasi ya kung'aa ya chokoleti, imesokomezwa hadi chini.

Shangazi: Msimchape mjukuu wangu.

Mama Zai: Hachapwi shangazi, ameshalala.

Mjomba: Itoe kwa kijiti kikavu, si bisibisi. Hakikisha hakuna kipande kilichobaki, hata kidogo.

Baba Zai: Imetoka. Kipande kingine kilikuwa kimeng'ang'ania pembeni, nacho nimekitoa. Nimeweka fyuzi nyingine, swichi nimewasha, haijakatika. Chaja imewaka mbele na nyuma.

Bibi: Alhamdulillah.

Mjomba: Iache simu ichaji kidogo, kisha shika chaja na pembeni ya tundu. Uvuguvugu si neno. Likiwa la moto au kuna harufu, chomoa unipigie, hata kama ni usiku. Fyuzi zilizobaki ziweke garini. Na pampu ikijaza upepo, tundu la pili lisiwe na kitu.

Mama Zai: Nimeshika, halina moto. Asante sana mjomba. Kifuniko cha tundu la nyuma kilipotea zamani, ndiyo maana mtoto alipata pa kusokomeza.

Mjomba: Njooni tu, hapa Tanga vipo madukani. Leo lizibeni kwa plastiki, msitumie karatasi ya kung'aa. Mkifika Segera nijulisheni.