Chagueni moja: ni utani au ni sayansi? Mimi nimechoka

Wakuu, leo naomba mnivumilie niseme, maana hili nimelimeza vya kutosha.

Kuna mtu wa aina moja amejaa kwenye kila mjadala mtandaoni. Anaposti picha ya kuchekesha yenye maneno mazito: "Saikolojia imethibitisha wanawake wako hivi." "Wanasayansi wanasema mwanaume wa kweli hafanyi vile." Wanaoamini anawaacha waamini. Vicheko vinamiminika, picha inasambazwa, mwenyewe anaitwa msomi. Sasa jitokeze umuulize: utafiti gani, wa nani, wa mwaka gani? Hapohapo anageuka: "Aah mkuu, mbona uko siriasi hivyo, huu ni utani tu." Ukiamua yaishe, ucheke nao, kesho unamkuta kwenye mjadala mwingine anautoa utani uleule kama ushahidi. Ni nyumba ya milango miwili: ukibisha huku, mwenyewe keshatokea kule.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Sigombi na vichekesho, na wala sigombi na mtu asiyejua. Nagombana na huyu anayetaka aaminiwe kama mtafiti, na akibanwa asamehewe kama mchekeshaji.

Nitoe mfano ulionichefua. Kwenye kundi moja ndugu mmoja aliomba ushauri kuhusu mkopo. Katika maelezo yake akataja kwamba kabla ya kusaini angekaa kwanza na mkewe waliangalie pamoja. Jambo la mtu mwenye akili zake. Basi akamwagiwa picha za mbwa mwitu! "Alfa haombi ruhusa." "Wewe ni beta, sayansi ilishawaainisha." Yaani kwao alfa ni mbabe anayeongoza kundi la mbwa mwitu, na beta ni mnyonge anayemfuata. Watu wakashindana kumdhihaki, na swali la mkopo halikujibiwa na yeyote. Jamaa akajitoa kundini. Nilipohoji nikaambiwa sina ucheshi.

Haya, tuwaangalie hao mbwa mwitu. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha alichokiona kwa mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wanyama waliofungiwa pamoja katika uzio, hawana pa kukimbilia, wanagombea nafasi. Baadaye Mmarekani David Mech akaendeleza mtazamo huo, kwamba kundi linaongozwa na mbabe aliyewashinda wenzake, katika kitabu chake cha mwaka 1970, kikasomwa sana, na neno alfa likaenea. Sasa sikilizeni sehemu ambayo hamuiweki kwenye picha zenu. Kuanzia mwaka 1986 Mech alikuwa akienda majira ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, akiwaangalia mbwa mwitu walio huru kwa karibu. Alichokikuta ni familia. Baba, mama na watoto wao. Yule "alfa" ni mzazi, na anaongoza kwa sababu hao wanaomfuata ni wanawe, hakumpiga mtu ili apate cheo. Mech akaandika hayo wazi mwaka 1999, na kwa miaka mingi aliwasihi wachapishaji wake waache kukichapa kitabu cha zamani.

Mtafiti mwenyewe kajisahihisha hadharani. Ninyi bado mnatumia maneno aliyoyakana kumvunjia heshima mtu aliyetaka kuongea na mke wake. Na hata mbwa mwitu wangekuwa kama mnavyosema, ni nani aliyewaambia kwamba ndoa ya binadamu inasomwa kwa mnyama aliye ndani ya uzio?

Halafu kuna ile ya watafiti Dunning na Kruger, kwamba wasio na uwezo hujikadiria juu kuliko walivyo, ambayo siku hizi imekuwa jiwe la kumrushia kila mtu usiyekubaliana naye. Mtu akikosa hoja anaposti ule mchoro wa mlima: wajinga wako kileleni wanajiamini, wakianza kusoma wanaporomoka bondeni, kisha wanapanda tena polepole. Anamalizia, "wewe uko kileleni," halafu emoji za kucheka machozi. Mchoro huo haumo katika utafiti wao. Justin Kruger na David Dunning walichapisha kazi yao mwaka 1999 wakiwa Chuo Kikuu cha Cornell. Waliwapima wanafunzi katika mantiki, sarufi, na jambo ambalo wacheshi wetu wangepaswa kulijua: uwezo wa kutambua kichekesho kizuri. Wanafunzi walipewa vichekesho 30 wavipime, na majibu yao yakalinganishwa na ya wachekeshaji wa kazi. Katika majaribio yao, waliokuwa robo ya chini kwa wastani waliwazidi wenzao 12 tu kati ya 100, ila wenyewe walikadiria kwamba wamewazidi 62. Walijikweza, ni kweli. Lakini hawakujiweka juu ya wale waliofanya vizuri zaidi, kama mlima wenu unavyodai. Na wataalamu wa takwimu wana hoja zao kwamba sehemu ya matokeo hayo inatokana na namna hesabu zenyewe zinavyofanya kazi. Kwa hiyo mnaotumia mchoro wa kubuni kumwambia mwenzenu hajui asichokijua, fikirini kidogo mnachokifanya.

Ile ya "asilimia 93 ya mawasiliano si maneno" nitaipitia haraka, maana inachosha. Ni Albert Mehrabian, mwaka 1967, majaribio madogo ya neno mojamoja, sauti na picha za nyuso, kuhusu hisia za kumpenda au kutompenda mtu. Mwenyewe ameeleza kwamba haihusu mazungumzo yote. Kama ingehusu, mngekuwa mnaelewa asilimia 93 ya filamu ya lugha msiyoijua.

Turudi kwenye mlango wa pili, ule wa "utani tu", kwa sababu huo ndio unaoumiza zaidi. Mnadhani mkishasema utani basi hakuna kilichotokea. Wapo watafiti waliolipima hilo hasa. Thomas Ford na wenzake mwaka 2008 waliwasomesha wanaume vichekesho vya kuwadharau wanawake, wengine wakasoma dharau hiyohiyo bila kichekesho, wengine vichekesho visivyomgusa mtu. Kisha wakawauliza wangekuwa tayari kuchangia kiasi gani katika shirika la wanawake. Wale ambao tayari walikuwa na chuki dhidi ya wanawake walipunguza mchango wao baada ya kusoma vichekesho vya dharau. Dharau ileile ikisemwa kavukavu haikufanya hivyo. Mmeona? Kichekesho hakimgeuzi mtu mwema kuwa mbaya, lakini yule mwenye chuki moyoni kinampa ruhusa. Anasikia kundi zima linacheka, anajua hapa hakuna wa kumkemea. Kwa hiyo "utani tu" ndiyo njia yenyewe ambayo dharau inapitia.

Na msiniambie "kila mtu alielewa kwamba natania". Huyo Kruger mnayemtaja kila siku alishiriki utafiti mwingine uliotoka mwaka 2005. Watu waliandikiana sentensi kwa barua pepe, nyingine za kejeli, nyingine za kweli. Waandishi walitabiri kwamba wasomaji wangetambua tofauti kwa asilimia 78. Wasomaji walipatia asilimia 56, karibu sawa na kubahatisha kwa kurusha sarafu. Mwandishi anaisikia sauti yake kichwani, msomaji anaona herufi tu. Tatizo hili ni kongwe kuliko wengi wetu humu: alama ya :-) Scott Fahlman aliipendekeza Septemba 19, 1982 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kwa sababu mzaha kuhusu zebaki kumwagika kwenye lifti ulichukuliwa na baadhi ya watu kuwa onyo la kweli. Wale walipogundua kwamba hawaelewani walitafuta namna ya kumsaidia msomaji. Ninyi mnautumia mkanganyiko huo kama maficho.

Najua mtakuja na "watu mia wamecheka, wewe peke yako umenuna". Robert Provine alitumia miaka kusikiliza watu wakicheka katika maisha ya kawaida, akakuta kwamba vicheko vingi vinafuata maneno ya kawaida kabisa ambayo hayana kichekesho ndani yake. Tunacheka ili tuwe pamoja na wenzetu. Hivyo kicheko cha kundini si kura ya kukubali. Wengine wanacheka kwa kuogopa wasiwe wao watakaofuata.

Utani wenyewe naupenda, na ninauheshimu kuliko ninyi mnaojiita watani. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliuandikia makala nzima mwaka 1940. Alieleza kwamba katika utani mmoja ana ruhusa ya kumchokoza mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike, kwa sababu kati yao kuna uhusiano unaojulikana na kuheshimiwa. Uhusiano kwanza, mzaha baadaye. Mtani wako anakujua, na wewe kesho utamrudishia. Huyo ndugu wa mkopo alikuwa mtani wa nani kundini? Wangapi kati ya waliomcheka walimjua hata jina? Halafu hao hao, ukiwagusa wao kwa mzaha wa robo ya ule, wanakublock na kulalamika kwa msimamizi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ninachotaka ni kidogo sana. Ukiandika "utafiti unaonyesha", weka jina la mtafiti na mwaka, au angalau utufafanulie walipimwa akina nani na walifanywa nini. Ukishindwa, sema ni maoni yako, hakuna atakayekukataza kuwa na maoni. Ukitaka kutania, tania, ila usije keshokutwa kunionyesha utani wako kama ushahidi. Na ukimuumiza mtu, muombe radhi moja kwa moja badala ya kumwambia ajifunze kucheka.

Wasimamizi nanyi mnahusika. Mnafuta matusi ya wazi upesi, lakini tusi likivalishwa picha ya mbwa mwitu na neno sayansi linakaa mwezi mzima. Andiko la namna hiyo lipewe muda wa kuletewa chanzo, na lisipoletewa lihamishiwe kwenye vichekesho, likiwa na maelezo kwamba limehamishwa kwa kukosa chanzo.

Anayepinga aje hapa chini na hoja, jina la mtafiti, na mwaka. Picha sitazijibu.